Inveta ya Mdogo Wangu

Mgeni yeyote aliyefika kwetu Buterere, nje kidogo ya mji, alipokelewa kwa maneno yaleyale. Mama alimpa kiti, akasubiri akae vizuri, kisha akainua kidole kuelekea ukutani, kwenye sanduku jeusi lenye kioo kidogo cha namba, na kusema: "Karibu sana. Hapa ni kwa mutoto wangu, ule wa Ulaya."

Hapa ni kwa mutoto wangu! Kiwanja nilikitafuta mimi. Matofali niliyasimamia mimi, bati nilipandisha mimi na mafundi wangu, na mlango ule mgeni alioupita nilikwaruzana na seremala mpaka akaurudia. Huyo wa Ulaya hajawahi kuuona hata kwa nje, isipokuwa kwenye simu. Lakini sanduku la ukutani yeye ndiye aliyelituma, na kwa hesabu za mama, mwenye taa ndiye mwenye nyumba.

Niliona wivu. Ningeweza kutafuta neno la adabu zaidi, niseme niliumia au nilisikitika, lakini ulikuwa wivu tu, ule wa utotoni, wa kutazama sahani ya mwenzako kwanza ndipo uitazame yako. Na mimi ndiye mkubwa.

Baba yetu alikuwa fundi umeme wa magari pale Buyenzi, mtaa wa mjini. Mimi na mdogo wangu tulikulia ndani ya karakana yake, tukicheza na shaba za alteneta mbovu, na sote wawili tulijua kupima betri kabla ya kujua kuchemsha chai. Mdogo wangu akaenda kusoma Ulaya, akabaki hukohuko. Baba alipofariki, karakana ikawa yangu. Hadi leo wapo wateja wanaoingia, wananiona mimi mwanamke nimeinama kwenye stata, na kuuliza fundi yuko wapi. Nimezoea. Nawaambia ametoka kidogo, ninamaliza kazi, ndipo ninawaambia amerudi.

Nilipomaliza nyumba ya Buterere nikamhamisha mama kutoka Buyenzi. Alikuja kwa shingo upande. Ameishi maisha yake yote kwenye mtaa wenye umeme, misikiti jirani na majirani wa kupiga nao soga dirishani, halafu mimi nikampeleka kwenye mashamba ya mpunga, kwenye vyura, mahali ambapo nguzo za umeme zinaishia kwenye barabara kubwa na kugoma kuingia ndani. Alilalamikia giza, lakini zaidi alilalamikia friji. Friji lake tulilibeba, likageuka kabati la sahani. Kila alipolifungua kuchukua kikombe alikuwa akiguna ili nisikie.

Kwa hiyo nikaamua tutaweka sola, na si taa ndogo za kuning'iniza. Nilitaka sola ya kubeba friji.

Nilijua ninachokitaka. Nilitaka inveta, ile mashine ambayo wauzaji wa mjini wanaiita *tout-en-un*, yaani kila kitu kimo humo: inapokea jua kutoka kwenye paneli, inachaji betri, na inageuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani. Ungeweza kununua kila kimoja peke yake, na wapo wanaopenda hivyo. Lakini kwetu mvua ikikasirika maji yanaingia ndani. Ukuta wa sebule una mstari wa kahawia wa mafuriko ambao nimeupaka rangi na bado unajitokeza. Sikutaka masanduku matatu yenye nyaya zinazotambaa chini. Nilitaka moja, nilitundike juu ya mstari ule, nilale.

Mdogo wangu alipopata habari akasema yeye ndiye atakayeinunua. Sikukataa. Mashine nzuri hapa kwetu ni adimu, na yeye alikuwa na mtu anayemfahamu Dar es Salaam wa kumchagulia. Hapo ndipo nilipojitafutia balaa.

Alianza kutuma picha. Ya kwanza ilikuwa ya volti kumi na mbili. "Chukua hii, dada," akasema, "iko sawa na ya gari, utaizoea haraka." Nitaizoea! Mimi ambaye mikono yangu inanuka gari hata siku ya Idi. Nikamtumia ujumbe wa sauti mrefu, nikitembea uani kwa hasira. Nikamwambia friji linapoanza kuzunguka linavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja, mara kadhaa ya ule linaotumia likishatulia. Ukiwa na volti kumi na mbili mkondo unakuwa mkubwa mno, nyaya za betri zinapaswa kuwa nene kama kidole gumba, na ukifunga skrubu vibaya kidogo tu zinaanza kuiva. Chukua ya ishirini na nne, nikasema, mkondo unapungua nusu. Na hakikisha inatoa wimbi safi kama la umeme wa ukutani, la sivyo mota ya friji italia.

Siku iliyofuata akampigia mama.

Nilikuwa jikoni. Nikasikia sauti yake kutoka kwenye simu ya mama, nzito, ya mtu aliyekwishapima mambo: "Mama, nimefikiri sana. Nimeamua tuchukue ya volti makumi mbili na ine."

"Mungu akubariki, baba," mama akasema. Alimwita baba tangu akiwa mtoto, kwa sababu alipewa jina la babu. Alipokata simu akanigeukia. "Unaona? Mutoto amefikiri."

Hasira zangu nikazimalizia kwenye kitunguu nilichokuwa nikikata.

Mashine ikasafiri kwa treni hadi Kigoma, kisha kwa meli hadi bandarini kwetu. Niliisubiri mimi, juani, nikipigwa danadana kati ya dirisha na dirisha, huku wakala wa forodha akiniahidi kila saa kwamba bado kidogo tu. Paneli na betri nilinunua mimi hapa mjini. Lakini paneli ziko juu ya bati ambako mgeni haoni, na betri iko ndani ya kabati la mbao nililoliinua kwa matofali. Kinachoonekana ni sanduku. Nilitaka kulifunga kwenye korido, kwenye hewa na mbali na moshi wa jikoni. Mama akasema zawadi haifichwi koridoni. Likafungwa sebuleni, pembeni ya picha ya mdogo wangu aliyevaa koti zito. Ushindi wangu pekee ulikuwa kwamba lilikaa juu ya mstari wa mafuriko.

Siku ya kuunganisha nilichagua Ijumaa, karakana ikiwa imefungwa. Mdogo wangu akataka awepo kwa video. Mama akaishika simu kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye mikono yangu, na hivyo nikafanya kazi ambayo nimeifanya tangu nikiwa msichana huku nikisimamiwa na uso mdogo uliokuwa ukikwama na kuachia.

"Unaanza na betri, dada?"

"Naanza na betri."

"Ni vizuri. Anza na betri."

"Amesema uanze na betri," mama akanieleza.

Mashine hizi zinataka kuiona betri kabla hazijaliona jua, kila fundi anajua. Nikafunga nyaya za betri kupitia swichi ya kinga, nikakaza, nikavuta kuhakikisha. Nje nilikuwa nimekwishapigilia chuma ardhini, kwenye udongo ule ambao haukauki, na waya wake wa kijani na njano nikaufunga kwenye skrubu iliyo kwenye mwili wa sanduku. Nikabaki na nyaya mbili za paneli, chanya na hasi.

"Apo sasa," mdogo wangu akasema, na sauti yake ikachangamka kama mtu aliyefika mtaa anaoujua. "Ile moins ya panneau uifunge ku masi. Pale pale ku vis ya mwili. Na moins ya batri vilevile. Moins zote ku masi, vile papa alitufundisha."

Moins kwake ni hasi, panneau ni paneli, vis ni skrubu; lakini masi inabidi niieleze. Katika gari, mwili wenyewe wa gari ndio njia ya kurudi. Huvuti waya wa hasi kutoka taa ya nyuma hadi kwenye betri. Unaufunga kwenye bati lililo karibu, basi, umeme unajua njia. Hiyo ndiyo masi, neno tulilochukua kwa Wafaransa na kulifanya la Buyenzi. Taa ikififia, masi mbaya. Honi ikikohoa, angalia masi. Baba alikuwa akimwambia hata mteja asiyeelewa kitu: wewe huna masi. Ukikulia pale, mkono wako unafunga hasi kwenye mwili kabla kichwa hakijauliza.

Lakini sanduku lile si gari. Ndani yake, umeme wa paneli na ule unaotoka kwenda kwenye friji haujatenganishwa kabisa. Hasi ya paneli inatakiwa ibaki peke yake, isiguse mwili wala ardhi. Ukiifunga kwenye mwili, umeme unapata njia ambayo haikupaswa kuwepo. Ukibahatika, mashine inagoma na kulia. Usipobahatika, inaungua, moshi, harufu, kwisha kazi. Hayo yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi yake ya maelezo na nilikuwa nimeyasoma.

"Fanya vile anasema," mama akaniambia.

Nilikuwa juu ya stuli. Mkono wa kushoto umeshika waya wa hasi, wa kulia bisibisi, na skrubu ya masi iko mbele ya pua yangu, imelegea, inangoja. Mama alikuwa pale, macho wazi. Mdogo wangu alikuwa pale, kwa sauti yake mwenyewe, amekwishasema. Ningetii tu. Ningekaza, ningeshuka kwenye stuli, ningewasha, na kingetokea kishindo kidogo cha kumnyamazisha kwa miaka. Nisingehitaji kusema neno. Mama angejua mwenyewe nani fundi wa nyumba ile.

Nilitamani sana. Natamani niseme wazo lilipita tu, lakini lilikaa. Nilipeleka waya hadi karibu na skrubu, mama akasema "eeh, apo apo," na sijui kama kilichonizuia ni wema. Nadhani fundi aliye ndani yangu ana kiburi kuliko dada. Hakutaka mashine nzuri ifie mikononi mwake.

"Apana," nikasema.

"Apana nini?"

"Haiendi ku masi."

"Dada, papa alifanya vile maisha yake yote."

"Papa alifanya magari. Hii iko na matairi wapi?"

"Usimujibu mudogo wako hivyo," mama akadakia. "Iko mbali, anahangaika kwa ajili yetu."

Uso mdogo ukakwama, ukaachia. "Basi fanya vile unataka," akasema. "Mi siko pale."

Nikafanya nilivyotaka. Chanya kwenye tundu la chanya, hasi kwenye tundu la hasi, na masi nikaiacha na ardhi yake. Nikawasha swichi ya betri, kisha ya paneli. Kioo kikang'aa, feni ya ndani ikaanza kuvuma, namba zikapanda. Nikabonyeza kitufe cha kutoa umeme. Kule jikoni friji likatikisika, sahani zilizosahaulika ndani zikagongana, likaanza kunguruma.

Mama akapiga vigelegele. Alipiga ndani ya simu. "Baba! Umetuwashia! Mungu akupe maisha!"

"Tunashukuru Mungu, mama," akajibu yule wa kwenye simu. Mimi nilikuwa bado juu ya stuli, jasho linaingia machoni, bisibisi mdomoni, na hakuna aliyekumbuka kwamba nahitaji kushikiwa stuli ili nishuke.

Ujumbe wake ulinifikia siku chache baadaye, karakanani. Ulikuwa wa sauti, na alizungumza polepole. "Dada, nimesoma maelezo ya ile mashine. Ulikuwa na haki. Ile masi ingeiunguza. Lakini tafadhali, usimwambie mama."

Nikausikiliza tena. Nikausikiliza nikiwa nakula, nikausikiliza njiani. Sijui kama nimewahi kupata zawadi tamu vile kutoka kwa mdogo wangu. Nikauhifadhi usipotee, nikawa natembea nao mfukoni, nikingoja siku yake.

Siku yake ililetwa na kitambaa. Mama ni wa wale wanawake ambao kila kitu cha heshima lazima kivishwe. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, mtungi wa maji una kitambaa. Akafuma kimoja cheupe chenye maua ya bluu, akalivisha sanduku, kikashuka hadi mbavuni na kuziba matundu ya hewa. Nilikivua. Akakirudisha. Nikamweleza kwamba mashine inapumua kupitia hapo.

"Hata we unavaa nguo," akaniambia, "na unapumua."

Nilikuwa nikikivua asubuhi na kukikuta kimerudi jioni, kimepigwa pasi.

Basi siku moja wakaja rafiki zake wa zamani wa Buyenzi, wamejipamba, kuona nyumba. Jua lilikuwa kali. Mama aliwasha kila kilichoweza kuwaka: friji, feni, televisheni. Nilifika kutoka kazini nikakuta sanduku linapiga mlio mmoja mrefu, kila kitu kimezimika, wageni wameduwaa na vikombe mikononi, na mama anapiga kelele kwenye simu: "Baba, sanduku yako inalia!"

Mdogo wangu alikuwa kazini kwake, akanong'ona. "Muizime, kisha muiwashe." Akakata.

Nilikivuta kitambaa kwa nguvu hadi kikachanika upande. Sanduku lilikuwa la moto kama sufuria. Nikalizima, nikafungua madirisha, nikasimama mbele yake nikilipepea kwa trei ya chai mbele ya wanawake wote wale, mpaka likapoa. Nikawasha. Feni ikavuma, friji likanguruma.

"Munaona?" mama akawaambia wageni. "Amesema izimwe iwashwe. Hata akiwa mbali anaangalia nyumba yake."

Nilisubiri waondoke. Niliwasindikiza hadi barabarani kwa tabasamu la kuazima, nikarudi, nikaweka simu mezani mbele ya mama, na bila kumwambia neno nikaucheza ule ujumbe. *Ulikuwa na haki. Ingeiunguza. Usimwambie mama.* Kila neno likatoka safi.

Mama alisikiliza kichwa kimeinama upande, mpaka mwisho. Kisha akaanza kukusanya vikombe.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile si mi nilishika simu? Alisema uweke pale, we haukuweka pale, na taa ikawaka. Mi si kipofu."

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. "Na bado unaambia watu hapa ni kwake?"

"Nawaambia."

"Kwa nini, mama? Hii nyumba ni yangu. Kila kitu ni mimi!"

Akaweka vikombe chini. Hakunyanyua sauti. "We, hata nikikutukana asubuhi, magaribi utarudi. Yeye nisipomusifu hatapiga simu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nyingi kumshinda mdogo wangu, na sasa nimeshinda, na hakukuwa na kitu cha kuokota. Nililolionea wivu kwa muda wote ule lilikuwa mtego wa mama, wa kumnasa mtoto aliye mbali. Mimi sikuwa na haja ya kutegwa. Jambo hilo lilipaswa kunituliza. Liliniuma zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli.

Simu ya mama ikalia. Alikitazama kioo, akanitazama mimi, akanisogezea.

"Pokea," akasema.

"Dada?" Alikuwa anahema, kama mtu aliyetoka kazini mbio. "Imewaka? Mama iko na kelele, nilisikia vibaya."

Nilikuwa nayo yote kooni: kitambaa, masi, volti ishirini na nne aliyoiamua yeye. Mama alikuwa amesimama karibu na kabati, kitambaa kilichochanika mkononi, ananiangalia mdomo.

"Imewaka," nikasema. "Ulisema izimwe iwashwe, tukafanya vile. Asante sana. Umetusaidia."

Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi kesho nitapiga tena, dada. Mwambie mama kesho."

Sikuhitaji kumwambia. Alikuwa ameisikia hiyo kesho kutoka aliposimama, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo mimi, ninayerudi kila jioni, sijawahi kuufungua.